Uzoefu wangu: bima kubwa ya gari la mjomba, Mtwara

Wadau naona wengi mnaazima magari ya ndugu msimu huu wa korosho, misiba, harusi, kupeleka wazee Ndanda hospitali, so nimeona niandike bima ilivyonifanyia. Kampuni siitaji, wana wakala hapa Mtwara mjini ila maamuzi yote yanatoka Dar na hapo ndo tatizo lilipo, ntafika huko.

Gari ni IST ya mjomba, anakaa Shangani, kakatia bima kubwa, yaani ile inayolipa hadi uharibifu wa gari lenyewe. Nilikuwa naenda nayo Masasi msibani na mama wadogo wawili, nikapita njia ya Mnazi Mmoja, kufika maeneo ya Mtama mbuzi huyo katoka kwenye majani, bampa ikaning'inia, taa ya kushoto kwisha na rejeta ikaanza kuvuja maji. Watu tulikuwa wazima, mbuzi hapana. Sasa angalieni, hapo ingekuwa ile bima ndogo ya 118,000 tungeondoka na pole tu, maana ile inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza au kumharibia mali, gari unaloendesha hailiangalii hata kidogo, liwe lako au la kuazima.

Nilivyoripoti wala hawakushangaa kwamba anayeendesha sio mwenye gari. Bima inakaa kwenye gari, haikai kwa mtu, na mkataba wa mjomba unasema dereva yeyote mwenye leseni hai ya aina hiyo ya gari aliyeruhusiwa na mwenye gari. Hilo neno kuruhusiwa ndo kila kitu jamani. Huku kwetu kusini mpwa kuchukua gari ya mjomba nani anauliza, funguo iko juu ya friji unabeba unaenda, ila bima undugu haiujui, walitaka barua ya mjomba yenye sahihi kwamba alinipa gari kwa hiari yake, pamoja na leseni yangu (daraja D), kadi ya gari na ile ripoti ya polisi ya ukaguzi wa gari. Mjomba kaandika ile barua huku anacheka, "sasa nisingekupa ungeipataje?"

Kilichonikera ni maswali ya mizigo. Kwenye picha nilizopiga palepale barabarani buti lilikuwa wazi, ndani kuna kiroba cha mchele wa msiba na ndoo za korosho za mama mdogo, yule jamaa wa madai akazoom wee halafu ananiuliza hizi ni za biashara? Na hao kinamama walilipa nauli? Nilitaka kucheka nikaona yupo siriasi. Kumbe kama bima ni ya matumizi binafsi na umebeba abiria wa kulipa, wana haki ya kukukatalia dai lote, so wale mnaoazima Noah ya kaka halafu mnapakia watu njiani "wachangie mafuta" mjue hilo.

Asesa (mkaguzi wa hasara) alikuja, gereji ikapigiwa hesabu, halafu kimya. Ukipiga kwa wakala unaambiwa faili lipo Dar, ukipiga Dar unaambiwa muulize wakala wako, wiki zinakatika na mjomba anapanda bodaboda kwenda sokoni, aibu yote kwangu. Mwisho walilipa gereji moja kwa moja, kazi nzuri, ila eksesi, ile sehemu ya gharama ambayo bima hailipi, ni juu yetu na nimeitoa mimi, mjomba hakudai ila utaangaliana naye vipi.

Kingine, siku ile alikuwa aendeshe binamu yangu, kijana mdogo leseni ya juzi. Kwenye mkataba wao dereva wa umri huo eksesi inapanda, na mikataba mingine inawataja madereva kwa majina kabisa, asiyetajwa imekula kwake. So kabla hujashika usukani omba usome ile karatasi yenyewe, stika ya bima haikwambii hayo, na TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima) ukiweka namba ya gari utaona kama bima ipo hai au imekufa, sio hayo masharti.

Nawapa nyota tatu, mbili zimeliwa na simu za Dar. Mjomba anakata tena hapohapo, ila lile punguzo lake la kukaa mwaka mzima bila kudai limeyeyuka, tofauti tumekubaliana naibeba mimi mnada wa korosho ukishalipa.