Hati ya Vifo ya London: isome jumla kwanza

Kwa anayechunguza tauni ya London ya mwaka 1665, hakuna karatasi inayofaa kama Hati ya Vifo, iliyotolewa kila wiki na Chama cha Makarani wa Parokia. Familia iliyotaka kuipata mwaka mzima ililipa shilingi 4. Hazikupotea bure, ila msomaji asiyejua ilivyotengenezwa atapotoka.

Mtu akifa, vikongwe wawili walioapishwa kwa kazi hiyo walikwenda kuikagua maiti, kisha wakamweleza karani wa parokia kilichomuua. Jumanne usiku karani aliifikisha hesabu yake kwenye ukumbi wa chama. Jumatano zikajumlishwa na kuchapwa, na Alhamisi karatasi iko mikononi mwa watu. Parokia 130 kwa mwendo huo! Kwa wepesi wa habari inastahili sifa zote.

Chukua toleo la Agosti 15 hadi 22. Upande wa mbele kuna parokia moja moja na safu mbili za tarakimu: waliozikwa, na kati yao waliokufa kwa tauni. Parokia 96 zimeingiliwa, 34 bado salama. Geuza nyuma ukute orodha ya maradhi: tauni 3,880, homa 353, homa ya madoadoa 190. Chini kabisa, jiji linatangaza kwamba mkate wa ngano wa peni moja uwe na uzito wa aunsi 9 na nusu. Walio hai walipaswa kula, na tangazo lao limechapwa chini ya orodha hiyo hiyo.

Udhaifu uko kwa wakaguzi. Tauni ikitajwa, nyumba ilifungwa kwa wiki kadhaa, wazima na wagonjwa pamoja. Kwa hiyo jamaa walikuwa na kila sababu ya kuomba liandikwe jina jingine, na vikongwe hao walikuwa maskini waliolipwa kwa kila maiti. John Graunt, mfanyabiashara aliyezichambua hati hizi mwaka 1662, aliueleza mchezo huo kwa upande wa kaswende: kikombe cha pombe, groti (sarafu ya peni nne) mbili badala ya moja, na mkaguzi hatambui tena kilichomkondesha marehemu. Ndiyo maana homa ya madoadoa ikipanda ghafla, usiipite haraka.

Tena, hati inahesabu mazishi ya Kanisa la Uingereza. Waquaker, Wakristo waliojitenga na kanisa hilo, na Wayahudi walizika kwenye makaburi yao wenyewe, hivyo wengi wao hawamo.

Basi usianzie safu ya tauni. Anzia jumla ya mazishi, maana jina la ugonjwa lilinunulika, lakini maiti iliyokwisha kuzikwa na parokia ilikuwa vigumu kuificha. Mwaka 1664 walizikwa watu 18,000 na ushei. Mwaka 1665 wakawa 97,306. Ongezeko ni kama 79,000, ilhali tauni imeandikiwa 68,596 tu. Wale 10,000 na zaidi waliobaki wametawanywa kwenye mistari mingine, na ndiko kwa kuwatafuta: linganisha homa, homa ya madoadoa na kifua kikuu na wiki kama hiyo ya mwaka uliotangulia; parokia kwa parokia utalinganisha jumla tu, kwa kuwa orodha ya maradhi haikugawanywa kwa parokia.