TAHADHARI: Jamaa anayeuza mawe hai na "dawa ya minyoo" ya tangi la maji chumvi, Dar

Wadau wa akwariamu za maji chumvi, hasa mlioko Dar, kuna jamaa anazunguka WhatsApp anauza mawe hai (vipande vya mwamba wa baharini vyenye viumbe hai ndani yake) kwa kilo, picha kali, bei chini kuliko wote, anakuletea mpaka getini. Msichukue. Mimi nahudumia matangi ya watu huku Mikocheni, Masaki mpaka Mbezi Beach, na shida hii nimeikuta kwa mteja baada ya mteja, ukiwauliza jiwe umetoa wapi wote wananionyesha namba ile ile.

Mchezo wake uko hivi. Anakwambia jiwe limekaa karantini mwezi mzima, kumbe limetolewa baharini juzi tu maji yalipokupwa, ukifungua ndoo unakutana na harufu ya sponji inayooza. Kwenye matundu wamejaa wale minyoo wa pinki wenye vishungi vya manyoya meupe ubavuni, wale wanaowasha. Mchana huwaoni. Siku mteja anaingiza mkono kupanga mawe bila glavu ndo anajua, kidole kinawaka kama kamwagiwa maji ya moto. Anampigia jamaa, na jamaa jibu analo tayari: dawa ninayo bosi, elfu thelathini tu, haidhuru matumbawe.

Dawa yenyewe ni kichupa cha maji ya bluu hakina hata lebo. Mteja wangu mmoja kamimina jioni, asubuhi kamba wamelala ubavu, konokono wamedondoka kwenye kioo, matumbawe yamejikunja yote, alafu minyoo waliofia ndani ya mawe wakaanza kuoza, amonia ikapanda, samaki wako juu wanahema. Nikapima shaba, rangi ikapita mwisho wa kadi. Mi naona ni mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, ule ule wa duka la pembejeo kauyeyusha kwenye maji. Shaba ni kweli inatibu samaki wenye madoa meupe, ila ni kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe, kwa kipimo, sio penye kamba na matumbawe hata siku moja.

Na kingine anachowaambia watu, eti ukimwona mnyoo mkate na mkasi. Jamani! Kuna jamii inaitwa Eurythoe complanata, iko hata huku pwani yetu, huyo ukimkata kipande kinaota kichwa na mkia, umekata mmoja unaamka na watatu, alafu unarudi kwake kununua kichupa cha pili. Sitashangaa kama anajua vizuri anachofanya.

Wakiwa wachache hao minyoo wala sio wa kuua, wanakula mabaki ya chakula na uchafu chini ya mawe. Wakizidi ujue unalisha sana, punguza. Kuwatoa huhitaji dawa, chukua chupa ndogo ya plastiki, toboa vitundu, tia kipande cha kamba mbichi ndani, laza kwenye mchanga taa zikizimwa, toa kabla hakujapambazuka. Mkubwa mvute na koleo refu, sio vidole. Yule kamba wa mistari myekundu na meupe mwenye makucha marefu naye anawala, ila usiweke wawili wasio jozi, watauana.

Ukichomwa usisugue, yale manyoya yanakatikia ndani ya ngozi. Bandika selotepu, ivute, rudia, kisha paka siki. Ukiona uso unavimba au pumzi inakuwa nzito nenda hospitali.

Hela msitegemee kurudishiwa, ukimdai sana anakublock na kesho yuko na namba mpya, bei zile zile picha zile zile. Mimi nilimwomba kibali cha uvuvi na video ya hayo mawe usiku kwa tochi, akanijibu "bosi we unataka jiwe au unataka kesi", nikajua.

Walioshamwaga hicho kichupa: toeni samaki na kila kilicho hai leo hii, wekeni kwenye maji mapya. Msidanganyike kwamba ukibadilisha maji imeisha, shaba inaingia kwenye mawe na mchanga na inaendelea kutoka taratibu. Mchanga tupeni, mawe hayo msiyarudishe tena penye kamba wala matumbawe.