Alport na mimba: uache enalapril mapema, au usubiri mistari miwili?
Mwenye ugonjwa wa Alport, ule wa kurithi unaoharibu vichujio vya figo na mara nyingine masikio, mara nyingi humeza enalapril kupunguza protini kwenye mkojo. Dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni, hasa baada ya miezi 3 ya kwanza. Sasa aiache lini?

Kuacha kabla ya kutafuta mimba kunatuliza moyo, ila mimba ikichelewa mwaka mzima, figo zinabaki bila kinga yake. Kuendelea mpaka kipimo kionyeshe mistari miwili kunazilinda zaidi, lakini hedhi iwe ya kueleweka na upime kila mwezi, bila uvivu. Protini ikiwa nyingi naegemea huku, daktari wa figo akikubali. Losartan, dawa nyingine ya kupunguza protini kwenye mkojo? Hiyo huachwa mapema, kabla ya kutafuta mimba.