Nusu Kichwa kwa Kinyozi wa Langoni

Nianze na hukumu, nisije nikapoa katikati: nyota moja. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Bei siandiki, saa za kufungua siandiki. Ukipita mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani Lamu, ukaona benchi la vijana wanabishana kuhusu Arsenal, umefika. Jina la duka pia naliacha. Mwenyewe atajijua, na asiposoma, wale wa benchini watamsomea.

Mimi sijafika miaka 30. Nywele zilianza kuniaga nikiwa na 24 hivi, kwanza kwenye mapanja, kisha utosini pakaanza kuwa wazi. Niligundua kwenye picha ya harusi ya binamu yangu. Mpiga picha alikuwa amepanda ngazini, na kati ya vichwa vyote vilivyokuwa chini, kimoja kilikuwa kinarudisha mwanga. Nikauliza, "Huyu mzee ni nani?" Watu wakanyamaza.

Basi nikaingia kwenye kofia. Hiyo ndiyo bahati yetu watu wa Amu, mwanamume akivaa kofia hakuna wa kumuuliza. Ninayo ya viua, iliyoshonwa kwa mkono miezi na miezi, naivaa kuanzia alfajiri mpaka nirudi kulala. Mtaani wanadhani nimeshika dini sana. Nami sijawasahihisha.

Wanaojua kilicho chini ya kofia ni watatu: mama, ndugu yangu mdogo, na kinyozi. Hapo ndipo penye hasira yangu, na naomba mnielewe. Kinyozi anakiona kichwa chako kabla mkeo hajakiona. Nusu ya kazi yake ni mashine, nusu ni sitara.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi moja, Ramadhani ikikaribia, au labda bado ilikuwa mbali, sikumbuki. Nilikwenda alasiri nikidhani watu ni wachache. Hawakuwa wachache. "Ndoo, mwanangu, keti," akaniambia. Nikavua kofia, nikaificha pajani chini ya ile nguo ya kunyolewa, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Zote, Ami. Sifuri." Ndiyo njia yangu siku hizi. Kichwa kikiwa sawa kote, hakuna wa kuuliza nywele zimeishia wapi. Akaanza upande wa kulia. Mkono wake, Mungu shahidi, ni mwepesi, unaweza kusinzia.

Alipofika katikati ya utosi, stima ikapotea.

Stima kupotea si kosa lake, najua. Lakini kinyozi wa miaka mingi kiasi kile angekuwa na mashine ya kuchaji hata moja. Yeye anayo ya waya, basi. Nikabaki kitini, upande mmoja umenyolewa, upande mwengine una zile nywele zangu za huku zipo huku hazipo, feni imesimama, mlango umeachwa wazi ili mwanga uingie. Siwezi kuondoka. Naye mzee, mashine ikinyamaza, yeye hanyamazi.

Akasimama nyuma yangu, akanizungusha kichwa kwa vidole viwili kama anayechagua embe. "Una miaka mingapi wewe?" Nikamtajia. Akawageukia wa benchini. "Mwamsikia? Huyu ni sawa na mwanangu wa tatu!" Kisha akanirudia. "Wazee walisema akili ni nyele, kila mtu ana zake. Wewe zako umezitoa sadaka?"

Benchi likaangua kicheko. Mmoja akasema ndege za uwanja wa Manda zikikosa nafasi zije zitue hapa. Mwengine, kitoto cha juzi tu, akatoa simu. Nilimkazia macho kupitia kioo mpaka akairudisha mfukoni.

Angeishia hapo ningecheka nao. Hakuishia hapo. Akaanza kutoa sababu. Ya kwanza, kofia: inabana, nywele hazipati pumzi. Ya pili, upara hutoka kwa kina mama, basi akaanza kuwataja wajomba zangu mmoja mmoja, kwa majina, mbele za watu, nani ana kipara kizima na nani ana nusu. Ya tatu siiandiki. Inahusu kijana kukaa muda mrefu bila kuoa.

Nami kimya, na majibu ninayo! Mambo haya nimeyasoma usiku wa manane kuliko nilivyosomea KCSE. Nywele hazivuti pumzi, Ami, zinalishwa na damu kule chini kwenye mizizi. Kinachotumaliza wengi wetu ni urithi, na urithi huo hutoka kwa baba vilevile kama kwa mama. Kuna homoni inayotokana na testosteroni, inaitwa DHT. Mwenye urithi huo, mashina ya nywele zake husinyaa kidogo kidogo kwa sababu ya homoni hiyo, mpaka badala ya nywele yanatoa vinyoya. Kofia haimo kabisa. Baba yangu mdogo havai kofia ila siku ya Idi, na kichwa chake hakina hata unywele wa dawa.

Dawa nayo nimejaribu. Minoxidil, ya asilimia 5. Niliinunua Malindi, maana kuinunua hapa Amu ni sawa na kuitangaza msikitini. Mililita moja asubuhi, moja usiku. Mwanzoni ilikuwa dawa ya presha, waliokuwa wakiimeza wakaanza kuota nywele mwilini, ndipo watu wakafikiria kuipaka kichwani. Marekani iliidhinishwa kwa nywele mwaka 1988. Wiki za kwanza nywele zilizidi kunyonyoka, nikawa nataka kuitupa baharini, kumbe ndivyo inavyoanza, za zamani zinapisha mpya. Mwezi wa nne nikaona vinyoya. Niliviona, siwadanganyi. Lakini siku ukiiacha, ulichovuna kinaondoka, kwa hiyo ni ya kupaka maisha. Hata bei ningeivumilia. Iliyonishinda ni paka. Paka wetu hulala juu ya mto wangu, na dawa hiyo ni sumu kwa paka, akilamba hata kidogo anaweza kufa. Usiku mmoja nikakaa kitandani na kichupa mkononi, namtazama, ananitazama. Nikamchagua paka.

Hayo yote nilikuwa nayo kinywani pale kitini, na nilichosema ni, "Ami, stima itarudi saa ngapi?"

"Utajua tu," akasema. "Kichwa chako kitawaka kabla ya taa."

Nikasimama. Nikaivua ile nguo, nikaivaa kofia yangu juu ya nusu kichwa. Nilitaka kutoa neno zito, walikumbuke mpaka uzeeni. Nikasema, "Asanteni." Nikaushika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, nikisikia jasho upande mmoja tu wa kichwa, punda akanisukuma ukutani mara mbili, na kila aliyenisalimia nikadhani ameshasikia. Na wengine walikuwa wameshasikia.

Nyumbani ndugu yangu alimalizia kwa wembe na sabuni, mama akishika tochi ya simu. Na kusema ukweli, kuna jambo lazima nilikiri ingawa linaniudhi. Upande wa yule mzee ulibaki laini, hapana kipele hata kimoja. Upande wa ndugu yangu, siku ya tatu, kisogo kilijaa vipele kama mtama, na juu ya sikio nina mkato mpaka leo. Yule mzee hupangusa mashine kwa spiriti kabla ya kila kichwa, nimemwona kwa macho yangu. Si kila kinyozi anajisumbua hivyo, na choa husafiri kwa mashine chafu. Haya, nyota mbili. Kwa mkono peke yake, tatu.

Halafu nawakumbuka wajomba zangu wanavyotajwa kama majina ya darasani, nachukua mbili zangu.

Mama anasema mimi ndiye mwepesi wa hasira, mzee ana utani na watu wote. Utani una watu wake, Mama! Una mabinamu, una marika. Mtu amekushika kichwa na hakupi pa kukimbilia, huo utani gani? Ingawa, kusema kweli, niliwahi kukaa benchi lile lile siku alipomtania mwalimu wa madrasa kuhusu tumbo lake, na nilicheka mpaka nikatoka machozi. Mwalimu hakucheka. Sikuliwazia jambo hilo mpaka juzi.

Nilitoka bila kulipa. Deni ni deni, sitaki kuulizwa Siku ya Kiyama, nikamtuma ndugu yangu na noti. Akarudi nayo. Mzee amekataa, amesema hapokei pesa ya kazi ambayo haijaisha, niende amalize.

Niende amalize! Mbele ya benchi lile lile! Nikamuuliza ndugu yangu, hakusema samahani? Hakusema. Nikamuuliza tena. Hakusema, ila alimvuta pembeni, watu wasisikie, akamwambia niende Jumapili mapema baada ya alfajiri, kabla ya benchi kutolewa nje. Mlango atauegesha. Na ameazima mashine ya kuchaji.

Nywele zimeanza kurudi, huku zipo huku hazipo. Jumapili ni kesho. Nyota ni ile moja niliyoiandika juu, siibadilishi leo.