Lodge nzuri Dodoma, ila bafu na chumba cha chai mmh. Nyota 3

Jina la lodge silitaji maana mwenye nyumba nimeshaongea nae ana kwa ana, ila iko upande wa Nkuhungu. Nililala pale nikiwa na kazi Mtumba, na mi ni fundi bomba kwahiyo nikipewa chumba naanzia bafuni kabla hata sijaangalia kitanda.

Tuanze na mazuri. Shuka safi, maji ya moto yapo, wahudumu wana heshima, supu ya mbuzi asubuhi tamu kweli na chapati wanapika hapohapo uani, kwa elfu 30 sina neno.

Sasa bafu. Ukifungua mlango unapigwa na harufu ya chemba, wamepulizia manukato juu yake ndo imekuwa balaa zaidi. Nikainama nikamulika na simu kile kitundu cha sakafuni cha kupitisha maji, kikavu kabisa. Chini ya kitundu bomba huwa limepinda makusudi ili maji yabaki pale kwenye kona, yale maji ndo kizibo, yakikauka hewa ya kwenye mfumo wa choo inapanda chumbani. Na kwa ukavu wa Dodoma hii, kiangazi na upepo wake, chumba kikikosa mgeni muda mrefu maji yanaisha tu, halafu wadada wanapiga deki na tambara lililokamuliwa, hakuna anayemwaga maji chini. Juu kuna feni ya kutoa hewa, sasa funga mlango uwashe feni, itavuta hewa wapi kama sio kwenye hilo bomba?

Kuna atakayesema fundi analalamikia harufu. Hapana bana. Hong Kong mwaka 2003 wakati wa SARS, ghorofa za Amoy Gardens waliugua watu zaidi ya 300, na uchunguzi uliangukia hukohuko bafuni: alikuja mgeni anaumwa na anaharisha, virusi vikaingia kwenye mabomba, vitundu vya sakafuni vya majirani vilikuwa vimekauka, feni za bafuni zikavuta matone madogo madogo hadi ndani kwa watu ambao hawakuwahi hata kusalimiana na yule mgeni. Ugonjwa wa kifua huo, umepitia chooni! Dawa yake ni maji kidogo kwenye kitundu mara kwa mara, basi.

Ila tusitishane, njia hiyo ni ya nadra, mafua na korona kwa kawaida unavuta hewa aliyoitoa mwenzio mkiwa mmefungiwa pamoja. Na hapo ndo chumba cha chai kilinikera kuliko hata bafu, madirisha yote yamefungwa sababu ya vumbi, kiyoyozi kinaunguruma, jamaa wa meza ya kona anakohoa mpaka machozi. Kiyoyozi kile cha ukutani hakileti hewa mpya, kinapoza ileile na kuisukuma kwa wengine, Guangzhou Januari 2020 familia tatu zilikula mgahawa mmoja usio na dirisha, meza zao jirani, watu 10 wakapata korona na upepo wa kiyoyozi ukatajwa. Nikabeba bakuli langu la supu nikaenda kulia uani chini ya mti.

Cha kuchekesha, mapokezi wanafuta kitasa na rimoti kwa spiriti kila saa. Sio vibaya, maabara walikuta kirusi cha korona kinaweza kukaa kwenye plastiki hadi siku 3, lakini kwa ugonjwa huu hewa ndo njia kubwa, rimoti inafuata mbaali.

Mwenye nyumba nilimwonyesha, nikamwaga jagi la maji mbele yake na harufu ikapungua, akasema ataweka zamu ya kumwagia vyumba visivyo na wageni. Madirisha ya chumba cha chai akagoma, eti vumbi. Kwahiyo nyota 3, chukua vyumba vya nyuma vina dirisha kubwa, na chai waambie wakuletee nje.