OpenCore kwenye kompyuta niliyoiunga mwenyewe: miezi 14 ya macOS bila Mac

Kwa miezi 14 sasa ninahariri video za kwaya yetu kwa Final Cut Pro kwenye kompyuta ambayo Apple haikuitengeneza wala haiitambui. Niliiunga mwenyewe kipande kwa kipande: prosesa ya Intel Core i5-9600K, mazabodi ya Gigabyte ya Z390, RAM ya gigabaiti 32, na kadi ya picha ya AMD Radeon RX 580 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Inayoiwezesha kuendesha macOS ni OpenCore, programu huria ya kuanzishia mfumo inayotengenezwa na kundi la Acidanthera na kutolewa bure. Ninaitathmini OpenCore yenyewe kwa makusudi, kwa sababu wengi huuliza kama Hackintosh, yaani kompyuta isiyo ya Apple inayoendesha macOS, inafanya kazi bila kutenganisha ubora wa programu na uchaguzi wa vifaa, ilhali matatizo mengi niliyoyaona yalitoka kwenye vifaa.

Mlango huu ulifunguka mwaka 2006, Apple ilipoanza kuuza Mac zenye prosesa za Intel, kwa kuwa tangu hapo tofauti kati ya Mac na kompyuta ya kawaida ilipungua sana. Kabla ya OpenCore watu walitumia Chameleon, kisha Clover. Kinachonifanya niiheshimu OpenCore ni kwamba haiugusi mfumo uliopo kwenye diski. Hukaa kwenye sehemu ndogo ya diski iitwayo EFI, ikaushawishi mfumo kwamba umo ndani ya iMac ya mwaka 2019, ikapakia viendeshi vinavyohitajika kama Lilu, VirtualSMC na WhateverGreen moja kwa moja kwenye RAM, kisha ikauachia mfumo uendelee kuwaka. Kwa sababu hiyo masasisho yote ya macOS Sequoia yamenifikia kutoka Apple kwa njia ya kawaida, na sijawahi kulazimika kuzima ulinzi wa mfumo ili niyapokee.

Hata hivyo ni programu kali. Mipangilio yote imo katika faili moja, config.plist, na thamani moja ikikaa mahali pasipo pake kompyuta huganda kwenye nembo ya tufaha bila kueleza sababu. Mwongozo wa Dortania, wa kuweka OpenCore hatua kwa hatua, umeandikwa kwa uangalifu na umepangwa kwa kizazi cha prosesa, kwa hiyo anayeusoma neno kwa neno hufika. Anayenakili folda ya EFI ya mtu mwingine kwa kuwa mazabodi zao zinafanana majina hujitafutia taabu. Mazabodi za Z390, kwa mfano, zinahitaji faili ya ziada, SSDT-PMC, ili NVRAM, kumbukumbu ndogo inayohifadhi mipangilio kompyuta ikizimwa, ifanye kazi ipasavyo, jambo ambalo Z370 haihitaji.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa matundu ya USB. macOS huruhusu njia 15 tu kwa kila kidhibiti, na tundu moja la buluu la USB 3 huhesabiwa kama njia mbili, kwa sababu ndani yake mna nyaya za USB 2 na za USB 3 pamoja. Kabla sijazipanga, kompyuta yangu ilikuwa ikilala kwa sekunde chache na kuamka yenyewe, feni zikinguruma usiku kucha. Nikakaa jioni nzima na flashi mbili, moja ya zamani na moja ya USB 3, nikizichomeka tundu kwa tundu, mbele na nyuma ya kasha, huku nikiandika kwenye karatasi jina la njia lililotokea kila mara: HS03, SS03, HS04. Programu ya USBToolBox, inayoonyesha na kupanga njia hizo, niliiendesha kutoka Windows iliyopo kwenye diski nyingine. Mkosaji alikuwa Bluetooth, ambayo nayo hutumia njia ya USB iliyofichika ndani ya mazabodi. Nilipoiandikia aina 255, maana yake kifaa cha ndani, kompyuta ililala na ikaendelea kulala hadi nilipogusa kibodi asubuhi.

Kwenye kadi ya picha sikupata shida, lakini nusura nipate. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba GTX 1660 ingefaa, na nilikaribia kulipa. Kadi za Nvidia za kizazi hicho hazijawahi kuwa na viendeshi vya macOS, na hata zile za GTX 900 na 1000 ziliishia toleo la macOS High Sierra la mwaka 2017. RX 580 hutambuliwa na mfumo bila kuongezewa kiendeshi chake, na kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa, UHD 630, huisaidia Final Cut kusoma video za miundo ya H.264 na HEVC, kiasi kwamba ninaburuta mstari wa muda wa kamera mbili bila kukwama.

Intaneti ninaitumia kwa waya. Kadi za Wi-Fi za Intel zina kiendeshi cha itlwm kinachofanya kazi vizuri, lakini AirDrop, njia ya kutumiana faili kati ya vifaa vya Apple bila waya, hazina. Za Broadcom zilizotolewa kwenye Mac za zamani zilipoteza viendeshi vyake macOS Sonoma ilipotoka mwaka 2023.

Leseni ya macOS inaruhusu mfumo huo kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple pekee. Kampuni ya Psystar ya Florida ilianza kuuza kompyuta za namna hii mwaka 2008, ikashtakiwa mwaka huohuo, na mahakama ikaamua dhidi yake mwaka 2009. Mwenye ofisi au studio inayolipwa na wateja asijenge kazi yake juu ya msingi huu.

Asiyekuwa na vifaa tayari namshauri asinunue hata kimoja kwa ajili hii. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel, na iMac ya 2019 ambayo kompyuta yangu hujifanya kuwa haimo katika orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kuendesha Tahoe. Mac mini iliyotumika yenye M1, prosesa ya Apple yenyewe, itamfaa zaidi. Aliye na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha tisa na kadi ya Radeon inayotambuliwa, huyo nampa OpenCore kwa moyo mweupe: aweke Sequoia na abaki hapo, na kabla ya kila sasisho anakili folda yake ya EFI kwenye flashi na kujaribu kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo. Yangu imeniokoa mara mbili.