Bomba la kuta mbili kwenye jiko la kuni la Mama: uzoefu wangu wa Kibosho

Watu wa Moshi mjini wakisikia nimemfungia Mama jiko la kupasha nyumba joto wananishangaa, maana kwao joto ndilo tatizo. Pandeni Kibosho mwezi wa saba. Ukungu unashuka saa tisa alasiri, na kuna siku jua halionekani mpaka kesho yake karibu na adhuhuri. Mama ana miaka 74, na kila baridi ilipokaza alikuwa anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, analala. Nimemsihi miaka na miaka. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta anaumwa kichwa, anasikia usingizi, na wapo ambao hawakuamka.

Kwa hiyo nilipopata jiko la kuni la chuma, lile zito lenye mlango wa kioo, kwa familia iliyokuwa inahama Arusha, sikuvutana sana bei. Shilingi 800,000. Lilikuja bila bomba, na mimi nikaona bomba ni jambo dogo, fundi bati yeyote atanikunjia.

Akanikunjia kweli. Bati jeupe la geji 30, hilo hilo la kuezekea, kipenyo inchi 6, ukuta mmoja, likapanda kutoka kwenye jiko, likatoboa dari ya mbao, likatokea juu ya paa. Lilipendeza. Siku ya kwanza lilitoa harufu kali tukakohoa wote. Sikujua wakati ule kwamba bati jeupe limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, joto ambalo bomba la jiko la kuni laweza kulifikia moto ukikolea. Sikujua pia kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi. Viwango vya Marekani kwa bomba la inchi 6 vinataka geji 24 kwenda chini, sisi tuliweka 30.

Wiki ya tatu Mama akapiga simu. "Mwanangu, hili bomba lako linachuruzika uji mweusi." Nilipopanda nikakuta kweli, kila kwenye kiungio kuna lami inatiririka kwa nje. Nikainua macho darini. Mbao zilizozunguka tundu zilikuwa zimebadilika rangi, zimekuwa kama buni iliyokaangwa. Nilizigusa zikavunjika vipande kama rusku.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mbao inayopashwa joto siku baada ya siku inakauka na kuanza kugeuka mkaa polepole, na kadiri inavyogeuka ndivyo inavyohitaji joto dogo zaidi kuwaka. Ukiona mwezi wa kwanza nyumba haijaungua, usidhani umepona. Kila moto unaowasha unaileta mbao karibu na siku yake. Tulizima jiko, na Mama akarudia mkaa wake. Sikuwa na la kumwambia.

Nikaagiza seti nzima kutoka nje kupitia wakala wa mizigo. Hadi inafika Moshi ilinigharimu shilingi milioni 3 na laki 4, zaidi ya mara nne ya bei ya jiko. Nasema wazi kwa sababu mtu akipanga bajeti lazima aanzie hapo: bomba ni ghali kuliko jiko.

Bomba la kuta mbili ni bomba ndani ya bomba. La ndani ni chuma kisichoshika kutu, la nje ni chuma cheusi, katikati kuna nafasi ya hewa. Linafanya kazi kama chupa ya chai: joto linabaki ndani. Faida ni mbili. Moshi unapanda ukiwa bado wa moto, kwa hiyo haupoi njiani na kuganda kuwa ile lami, ambayo wataalamu wanaiita kreosoti, na ambayo ikishika moto ndani ya bomba joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Faida ya pili ni umbali. Bomba la ukuta mmoja linatakiwa likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao au chochote kinachoweza kuungua. Hili langu lina lebo inayosema sentimita 15. Sebule ya Mama ni ndogo na kuta zake zimepigwa mbao kwa ndani, kwa hiyo tofauti hiyo ya sentimita 30 ndiyo iliyoamua kama jiko litaingia au halitaingia. Jiko lenyewe lina kibao chake nyuma chenye umbali wake, na hicho nacho tulikifuata.

Fundi wa pili ni kijana wa Pasua, mtulivu, anasikiliza. Alifungua maboksi akatoa kila kitu akakipanga sakafuni. Kulikuwa na mabomba ya kuta mbili, na kulikuwa na mabomba mengine mazito zaidi, yanang'aa, yenye pamba ya kuzuia joto katikati. Akauliza, "Dada, haya ya pili ya nini? Si haya meusi yana kuta mbili? Yanatosha kupita mpaka juu."

Hili ndilo nataka kila mwenye mpango wa jiko la kuni alishike. Bomba jeusi la kuta mbili ni la ndani ya chumba tu, pale linapoonekana kwa macho. Halipiti darini, halipiti kwenye kenchi, halitoboi paa. Likifika kwenye dari linakabidhi kazi kwa yale mengine yanayong'aa, yaani dohani yenye pamba, ambayo imetengenezwa kupita mahali palipofichika. Kwa mbali yanafanana, na nina hakika wapo waliopitisha jeusi mpaka juu wakiamini wamefanya vizuri.

Kwenye dari kuna kisanduku cha chuma kinachobeba uzito wa dohani. Tulikata mbao zote zilizoungua, tukafunga fremu mpya, na kuzunguka dohani tukaacha sentimita 5 tupu. Fundi alitaka kujaza ile nafasi, na namwelewa, tundu wazi darini linamsumbua fundi yeyote mzuri. Lakini ile hewa ndiyo kinga. Ukiijaza matambara, sufi au vumbi la mbao umeondoa kinga na umeweka kuni.

Tulibishana zaidi juu ya viungio. Fundi wa kwanza alikuwa amevalisha kipande cha juu juu ya kile cha chini, kama kofia, akisema moshi unapanda, kwa hiyo usikutane na ukingo. Inaonekana ni akili, lakini ni kinyume. Bomba likivuta sawasawa, hata penye upenyo linaingiza hewa ya chumba ndani, halitoi moshi. Kinachotoka nje ni majimaji yanayoshuka. Kwa hiyo kipande cha juu kinaingia ndani ya kile cha chini, mpaka kwenye shingo ya jiko, ili chochote kinachochuruzika kirudi kwenye moto kikaungue. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ule uji wa bibi ulitokea hapo." Hapo hapo.

Kila kiungio kinafungwa kwa skrubu tatu. Ziwe fupi, zishike ukuta wa nje tu, kwenye matundu yaliyokwisha kutobolewa kiwandani. Skrubu ya bati ya kawaida ingetoboa hadi ukuta wa ndani na kuharibu kila tulicholipia.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha kuvuta, kinachoingia na kutoka kama antena ya redio. Kinakusaidia kupata urefu kamili bila kukata, na siku ya kusafisha unakisukuma juu, unakitoa, bila kubomoa chochote.

Paani kanuni ni kwamba dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotoboa bati, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Paa la Mama ni la mwinuko mkali, kofia ya paa iko karibu, kwa hiyo ikabidi niagize kipande kingine cha dohani. Tulisubiri wiki tano. Hilo ni doa kubwa la bidhaa hii: kwetu huku huendi dukani ukapata kipande kimoja kilichopungua. Pimeni paa kabla ya kuagiza.

Mvua za masika zilituonyesha kosa letu moja. Bati la kuzibia lililokuja na seti tulililaza lote juu ya bati la msauzi, maji yakaingia kwa upande wa juu. Fundi alirudi, akalegeza misumari, akauingiza ukingo wa juu chini ya bati la nyumba, akauacha wa chini juu. Halijavuja tena.

Jiko liliwashwa mara tatu za kwanza kwa moto mdogo, madirisha wazi, kwa sababu rangi mpya inanuka inapokauka. Baada ya hapo hakuna harufu. Kipima joto cha sumaku nilichonunua hakifai kwa bomba hili, kinasoma ukuta wa nje ambao hauna joto la kweli. Inatakiwa kile chenye sindano inayoingia hadi ndani. Nimeweka pia kengele ya kaboni monoksidi ya betri kwenye korido ya chumbani kwa Mama, na sitaki nyumba yenye moto wa aina yoyote ikose kitu hicho.

Mama ana lalamiko moja, na ni la haki. Bomba la zamani lilikuwa linapasha sebule kuliko hili. Ni kweli, joto lililokuwa linatoka kwenye bati sasa linapanda na moshi. Tunalifidia kwa kuni nzuri: mgrevilea uliopasuliwa na kukaa bandani karibu mwaka mzima, pamoja na matawi ya mibuni yaliyopogolewa. Kuni mbichi za masika hazikaribii jiko hilo, kwa sababu hakuna bomba, hata liwe na kuta ngapi, litakalozuia lami ya kuni mbichi.

Juzi tumesukuma kile kipande cha kuvuta, tukapitisha brashi mpaka juu. Baada ya miezi sita tulipata masizi makavu, laini, yanayopeperuka, hayakujaza kikombe cha chai. Nilipanda darini na tochi nikazishika mbao za fremu mpya kote kuzunguka kisanduku. Bado ni nyeupe. Lile jiko la mkaa liko nje kwenye migomba, Mama analichomea ndizi.